Gunia Juu ya Feni

Jumamosi, 8 Machi

Leo nitaandika yote, hata lile la aibu.

Kengele ya chumba cha baridi cha sokoni ililia tena, na ndani mlikuwa na samaki wote wa Mama, mbuta walioletwa kutoka ufuo wa Osieko. Joto lilikuwa linapanda. Wakioza, hana cha kuuza wiki nzima.

Jirani yake sokoni akafoka, “Zima hiyo kitu, inanipasua kichwa!”

“Gesi imeisha, mama,” akasema fundi wa friji aliyeitwa kukitazama chumba. “Ngojeni Jumatatu.”

Jumatatu! Nikakumbuka somo la fizikia: hewa baridi lazima izunguke. Nikaingia ndani. Feni ilikuwa imefunikwa gunia. Akina mama huifunika ili upepo usikaushe samaki. Na gunia lile, jana, nililifunga mimi mwenyewe, kwa kutumwa na Mama.

Nikalifungua. Muda si mrefu namba za kipimajoto zikaanza kushuka, kengele ikanyamaza. Mama akanikumbatia na harufu yake ya samaki.

Fundi akacheka. “Dada, unataka kuninyang'anya kazi?”

Ndiyo, nataka! Kesho Baba akirudi kutoka Malaba, mpakani, nitamwuliza, na nataka anijibu papo hapo: Baba, utaniruhusu nisomee ufundi wa friji?