Nyanya za Uzi wa Kijani

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani, na pole na kazi. Tumefurahi kusikia kikohozi kimekuachia na kwamba wifi amerudi kazini. Watoto je, bado wanagombania kiti cha dirishani? Mimi sijambo, nikimaanisha nasimama, natembea, na asubuhi naamka. Baba naye hajambo. Ukitaka kujua zaidi ya hapo, vuta kiti, maana barua hii si fupi.

Najua utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Nyumba yetu unaijua: nikikohoa chumbani, Baba ananipa pole akiwa sebuleni. Nitakayokuambia sitaki ayasikie.

Unakumbuka Baba alipotoka hospitali baada ya kile kiharusi kidogo. Muuguzi wa zahanati alitukalisha akatuambia kwamba presha yake haitashuka kwa vidonge peke yake. Alitaka ale mboga na matunda ya msimu, yaliyochumwa karibuni, apunguze chumvi, aachane na vya makopo, na atembee kila siku. Wewe kwenye simu ukaongeza lako, kwamba mboga ziwe zisizopigwa dawa. Ukasema ni rahisi, nyuma ya nyumba kuna nafasi. Kaka, ni rahisi kwa aliye mbali na jembe. Sikusemi vibaya, lakini niache niseme.

Nililima. Kutwa niko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, nanyoosha mashuka mpaka vidole vinakataa kukunjika, kisha nafika nyumbani nashika jembe. Nilipanda mchicha, biringanya na nyanya. Mbolea niliibeba kwa ndoo kutoka kwa mfuga kuku wa mtaa wa nyuma, na watu njiani walinipisha bila kuombwa. Dawa ya dukani niliikataa. Nilitwanga pilipili, nikachanganya na majivu na maji ya sabuni, nikanyunyiza mpaka mimi ndiye niliyepiga chafya, wadudu wakanitazama tu. Nikaweka na sheria: hatuli nyanya ya sokoni hata moja mpaka zetu ziive, maana za sokoni hatujui zimepigwa nini. Baba, na unajua anavyopenda nyanya, alinitazama juu ya miwani akasema sawa, Bibi Afya. Jina hilo limeninasa. Hata jirani siku hizi ananiita hivyo.

Mchicha haukunisumbua. Tuliula mpaka Baba akauliza kama nimeamua kumfuga. Nyanya ndizo zilizonitoa jasho. Mvua ilizidi, majani yakaingia madoa, maua yakapukutika. Za jirani zilioza zote, naye akang'oa akapanda vitunguu. Siku moja nilirudi kazini nikiwa hoi, nikageuza ndoo, nikakaa katikati ya miche nikalia. Nilisema kwa sauti, nikidhani niko peke yangu, kwamba nimechoka, kwamba kama bustani hii haitoi kitu basi sijui nahangaikia nini, bora nifunge virago niende zangu. Dirisha la chumba cha Baba linatazama pale pale.

Haukupita muda nyanya zikaanza kuiva. Usinicheke. Nilikuwa natoka alfajiri na kurudi giza likiingia, kwa hiyo bustani niliijua zaidi kwa mkono kuliko kwa macho. Jioni nilipapasa chini ya majani nikakuta mbili tatu zimeiva, nyekundu, safi, hazina doa. Mche mmoja ulizaa nyanya za mviringo na nyanya ndefu kwa pamoja, nami nikajiambia ni mambo ya udongo. Nilimwita jirani aje aone. Akatazama, akafungua mdomo, akaufunga, kisha akanipongeza. Pale ningeshtuka, lakini sifa zilikuwa zimenipanda kichwani. Kazini niliwahutubia wenzangu kuhusu majivu na pilipili, na mmoja wao ameshapanda. Hata muuguzi alipompima Baba na kukuta presha imeshuka kidogo, alitusifu kwa bustani, na Baba akawa anatazama dari.

Juzi, siku yangu ya mapumziko, niliingia bustanini jua likiwa juu. Nikavuta nyanya, ikaja na uzi. Ulikuwa uzi wa kijani wa cherehani, umepitishwa kwa sindano chini ya kikonyo na kufungwa tawini kwa lile fundo dogo ambalo Baba alikuwa akiliweka ndani ya pindo la suruali, la kukazwa mara mbili na kukatwa kwa meno. Mafundi cherehani ni wengi, Kaka, lakini fundo lile mimi na wewe tumelivaa tangu shule ya msingi.

Nilikasirika. Nilidhani mzee kashindwa na tamaa yake, ananizunguka, anakula za sokoni kwa mlango wa nyuma huku mimi navunjika mgongo. Nikaenda moja kwa moja kwa muuza mboga wa kona kumuuliza kwa nini anampa mgonjwa wangu nilivyovikataza. Kufika, nikaona turubai lake la kuzuia jua limetiwa viraka vipya, na mshono ni wa Baba. Hakunificha. Alisema Baba huja kila asubuhi nikishaondoka, na fimbo yake, polepole, akipumzika kwenye ngazi za duka la misumari. Baba humshonea, naye muuza mboga humchagulia nyanya zenye vikonyo, maana mzee hataki zisizo na vikonyo. Alinitoa wasiwasi pia kwamba zinatoka kwa ndugu yake wa bondeni, ambako msimu wake ndio huu, na kwamba hajawahi kuzipiga dawa kwa sababu hana uwezo wa kuinunua. Siku moja alimshauri mzee azile waziwazi, aache kuhangaika na sindano. Jibu alilopewa nakuandikia kama nilivyolipokea.

"Nyanya si kwa ajili yangu. Mwanangu akiikatia tamaa ile bustani, atanikatia tamaa na mimi."

Nilikaa kwenye kreti tupu. Muuza mboga akanipa maji, akaendelea kuhudumia wateja kana kwamba sipo, na nilimshukuru kwa hilo.

Baba sikumwambia kitu. Nilirudi, nikaukata uzi kwa kucha, nikaikatakata ile nyanya na kitunguu bila chumvi, nikamwekea mezani. Alikula yote, akasema udongo wetu ni mzuri. Nikamjibu ndiyo, Baba, ni mzuri.

Sasa lililonifanya nishike kalamu ni hili. Niliyosema bustanini siku ile niliyasema kweli. Si kwamba simpendi Baba. Nampenda na nimechoka, na kimoja hakimfukuzi mwenzake. Nanyoosha mashuka ya watu, nalima, napika, nampima presha, nacheka akinitania, halafu nalala nikiwa nimeshaichoka kesho. Kwenye simu nimekuwa nikikuambia tuko salama kwa sababu yeye yuko sebuleni anasikiliza. Hatuko salama. Mgonjwa anajikokota kila siku na fimbo ili nisivunjike moyo mimi, niliyebaki hapa kumtunza yeye. Basi usinitumie ushauri mwingine. Njoo. Omba likizo, uje ushike jembe hata kwa msimu mmoja, nami nilale.

Nisalimie wifi na watoto, uwaambie shangazi yao anawakumbuka. Jirani anakusalimu, vitunguu vyake vimekubali. Baba anakusalimu sana. Yuko hapo nje anajifanya anaota jua, na mfuko wa shati lake umetuna. Ukija usihangaike na zawadi kubwa, mletee tu uzi wa kijani. Nimechungulia kwenye kasha lake la kushonea, umebaki kidogo sana, na nyanya zetu bado hazijaiva.

Mdogo wako,
Bibi Afya