Saa ya Bukuru Inanipwaya

Jumatano, jioni. Mutakura.

Joto la leo halina haya. Mawingu yamekaa juu ya milima tangu asubuhi, yanatutazama tu, hayashuki. Essence, mafuta ya magari, imekosekana tena, kwa hiyo nimerudi kutoka mjini kwa miguu na shati limenigandia mgongoni. Lakini si uchovu unaonifanya niandike. Ninaandika kwa sababu mkono wangu wa kushoto umekuwa mwepesi, na wepesi wenyewe unaniogopesha.

Nimevua saa ya Bukuru.

Kwa asiyetujua: tulizaliwa mapacha. Yeye akaitwa Bukuru kwa kuwa alitangulia, mimi nikaitwa Butoyi kwa kuwa nilifuata, kama wanavyoitwa mapacha wa nchi hii. Alitangulia na nyama zote. Yeye alitoka mnene, mimi nikatoka mwembamba, na mama akawa ananunua kila kitu viwili viwili kwa kipimo cha Bukuru. Makoti mawili, sare mbili, jozi mbili za viatu. Vyake vilimkaa, vyangu vilinipwaya. Nimekua nikikunja mikono ya mashati na kujaza karatasi kwenye ncha za viatu. Sikulalamika sana, kwa sababu pacha wangu alikuwa akinitazama, anacheka mpaka anashika tumbo, halafu ananikunjia mikono yeye mwenyewe.

Alikuwa fundi wa malori. Alikufa mwaka jana kwenye mteremko, akijaribu breki za lori aliloshinda akilitengeneza.

Saa yake ilirudi. Watu wanapenda hadithi za saa inayosimama mwenyewe anapokufa. Hii haikusimama. Ilirudi ndani ya mfuko wa plastiki ikitembea, kioo kimekwaruzika kidogo tu, inakubaliana na saa ya redio bila kupishana. Hilo lilinikasirisha kuliko kila kitu. Siku ya maziko baba mdogo akaichukua, akanivalisha mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniuliza kama inanienea.

Hainienei. Ni saa ya chuma, kubwa, nene, milimita arobaini na nne kutoka ukingo hadi ukingo. Kwenye mkono wa Bukuru ilikuwa saa. Kwenye mkono wangu ni sahani. Wenzangu kazini, kwenye ofisi ya bima kule Rohero, wananiuliza nimeing'oa kwenye ukuta wa nani. Haiingii ndani ya mkono wa shati, basi mwaka mzima nimekuwa nikifunga kifungo cha kulia na kuacha cha kushoto wazi, kama mtu aliyevaa nusu. Inazunguka, inatelemka mpaka kwenye gumba, inanigonga mfupa nikitembea. Ningeweza kupunguza mkanda. Sikupunguza.

Niseme ukweli, hapa ndipo mahali pangu pa kusema ukweli. Sikupunguza kwa sababu ya mlango.

Mlango wetu wa nje ni wa bati. Bukuru alikuwa akifika anaugonga kwa saa yake, ko, ko, na mama akiwa ndani anasema, Bukuru, ingia. Wiki ile baada ya maziko nilirudi kutoka kazini, nikanyoosha mkono kwenye komeo, saa ikatelemka ikagonga bati. Ko. Sikukusudia. Nikasikia sauti ya mama kutoka ndani.

"Bukuru, umerudi?"

Mama macho yake yana mtoto wa jicho, anaona mwanga na vivuli tu. Nilisimama pale nje. Ningesema, apana mama, ni Butoyi. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasema, ndiyo mama, nimerudi.

Na kesho yake tena. Na kesho yake.

Msinielewe vibaya, mama akili yake ni timamu. Mchana anazungumza habari za marehemu kama watu wengine, anajua kaburi liko wapi, anamkumbusha baba mdogo habari ya msalaba uliopinda. Ni jioni tu, ni mlangoni tu. Saa inagonga, mama anaita, mimi naitika. Hatujawahi kulizungumza. Nikishaingia ndani nakuwa Butoyi tena, naletewa chakula cha Butoyi.

Nilijiambia ninafanya hivyo kwa ajili yake. Mama mjane, haoni, mtoto mmoja ameenda, ni nani mwenye roho ya kumnyima sauti ya mlangoni?

Lakini mambo hayakubaki mlangoni. Nimeanza kutembea kama yeye, mkono wa kushoto unatangulia kidogo kwa uzito. Najisikia nikikohoa kama yeye kabla ya kusema. Siku moja mtaani Buyenzi mtu aliyekuwa nyuma yangu aliuona mwendo, akaita, we Bukuru! Nikageuka. Alipoona uso akashika mdomo, akaomba samahani mpaka nikamhurumia. Mimi sikuumia. Nilifurahi. Kwa muda mfupi pale barabarani pacha wangu alikuwa mzima, na aliyekuwa hayupo ni mimi, na sikujikosa hata kidogo.

Hilo ndilo linalonitisha.

Jumamosi hii, mwaka ukiwa umetimia, tunamaliza matanga, tunaganduka kama tunavyosema. Ndugu watajaa uani, vinywaji vitaletwa, mzee wa familia atasimama aseme kilio kimekwisha, kila mtu arudi kwenye maisha yake. Baba mdogo alikuja Jumapili kupanga mambo ya viti na hema. Akiondoka akanivuta pembeni, akanishika mkono kwenye saa. Akasema nikisimama mbele ya watu na saa ile, watajua kwamba sisi tunadanganya, kwamba kilio hakijaisha. Akasema nitafute saa yangu. Mama alikuwa karibu na alisikia, maana aliacha kufagia.

Basi leo saa ya mapumziko nikaenda, shingo upande, hadi kwa da Zubeda. Ana kibanda cha saa si mbali na soko kuu la zamani, lile lililoungua. Marehemu baba yake aliuza saa sokoni humo, naye alibaki na kazi na ulimi wa baba. Nikamwonyesha mkono. Akacheka, akauliza kama nimekuja kununua saa au kurudisha sufuria.

Nikamwambia nataka saa mpya. Mkono wangu mwenyewe ukaenda moja kwa moja kwenye zile kubwa. Da Zubeda akanipiga kofi dogo kwenye vidole. Akachukua utepe wa fundi cherehani, akanizungushia kwenye kifundo cha mkono, akatazama, akaguna. Halafu akanifundisha, akitoa moja na kuingiza nyingine. Hizi pembe za juu na chini zinazoshika mkanda, akasema, zisivuke ukingo wa mkono wako, zikivuka saa imekushinda. Tazama na unene wake, wewe ni mtu wa shati la mikono mirefu, saa nzuri kwako ni ile inayopita chini ya kifungo bila ugomvi. Na usiitazame karibu na pua. Akanisimamisha mbali na kioo. Saa inaonekana kubwa au ndogo ukiiona na mtu mzima aliyeivaa, akasema, si ukiiona peke yake.

Nikajaribu ya arobaini na mbili, nikaipenda, akaikataa. Ya arobaini, pembe bado zilining'inia. Ya thelathini na nane ilikaribia. Kisha akaniuliza swali dogo, swali la kila siku la muuzaji.

"We mwenyewe unapenda ya namna gani, kaka?"

Mtu mzima, na ndevu zangu, nimesimama mbele ya kioo sijui ninapenda nini. Sijawahi kuulizwa. Kila kitu maishani nilikipokea kikiwa kimepimwa kwa mwingine. Nikajifanya natazama barabarani. Da Zubeda ana akili, alijitia kufuta kioo cha kabati mpaka nilipomaliza.

Akaleta ya thelathini na sita. Nyembamba, uso mweupe usio na makeke, mkanda wa ngozi ya kahawia. Ili kuivaa ilinibidi kwanza kuvua ya Bukuru kabisa, si kuisogeza tu. Nikavua. Chini yake ngozi ilikuwa imepauka, duara kubwa, jeupe kuliko mkono wote, kama alama ya sufuria mezani. Saa mpya ikakaa katikati ya duara hilo. Ilikaa vizuri. Haikugonga, haikuzunguka, mkono ukanyamaza. Lakini pande zote nikaona lile duara limebaki nje, linaizunguka. Bukuru alikuwa bado amenishika.

Da Zubeda akaitazama alama na yeye. Akasema kwa sauti ya chini kwamba itaondoka tu, jua litaiondoa. Nikalipa. Ya Bukuru nikaitia mfukoni.

Kutoka mjini hadi hapa ni mwendo, na njia nzima niliisikia mfukoni ikinigonga paja. Nilifikiria mambo mawili tu. Nikifika, niitoe niivae, nigonge bati, mama aite, na leo ipite kama siku zote. Au nisigonge. Na nisipogonga, basi mimi ndiye nitakayemwambia mama kwa mara ya pili kwamba mwanawe amekufa, na safari hii hakuna polisi wala baba mdogo wa kunisaidia kusema.

Nilifika mlangoni jua likiwa bado liko juu ya ziwa. Nikashika komeo. Mkono haukutoa sauti yoyote. Nikasubiri, na ndani nako kukasubiriwa. Nikapiga moyo konde, nikasukuma.

Mama alikuwa ameketi kwenye mkeka uani, anachagua maharage ya Jumamosi kwa vidole, mawe upande huu, maharage kwenye beseni. Hakuinua kichwa.

"Nani?"

Mwaka mzima hakuna aliyeniuliza hivyo. Nikamwambia ni mimi. Akauliza, we nani? Nikasema, Butoyi, na sauti ikanitoka kama ya mtoto aliyevunja kitu.

Akanyoosha mkono, nikapiga magoti, nikampa wangu. Akaipata saa kwa gumba. Akaizunguka pole pole, ukingo wote, pembe zote nne, akapitisha kidole kati ya mkanda na ngozi. "Hii inakukaa," akasema. Kisha akauliza iko wapi ile.

Nikaitoa mfukoni. Nilifikiri ataibusu, au atalia, nilikuwa nimejikaza kwa vyote viwili. Mama akaivaa. Mkono wake ni mwembamba kuliko wangu, saa ikapita kifundo ikapanda hadi karibu na kiwiko, akaiacha huko, akarudi kwenye maharage.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamuuliza kama alikuwa anajua ni mimi, jioni zile zote.

"Niliwazaa wawili," mama akasema. "Bukuru alikuwa anasukuma mulango kwanza, kisha anagonga, hana adabu. We unagonga, unangoja. Siku ya kwanza nilikosea, masikio yalinidanganya. Lakini we ukaitika. Nikasema, tuache aitike. Mutoto hajamaliza kulia."

Mwaka mzima nimembeba mama, kumbe yeye ndiye aliyenibeba mimi, jioni baada ya jioni, akiita jina la mwanawe aliyekufa ili aliyebaki apate pa kuitikia. Nilikaa chini mkekani, nikaanza kuchagua maharage naye, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

Akainama kuchota mengine. Saa ikatelemka kutoka kiwikoni, ikagonga ukingo wa beseni.

Ko.

Nikageuka kutazama mlango. Sikufikiri, shingo iligeuka yenyewe. Mlango ulikuwa wazi kama nilivyouacha, na nje palikuwa na barabara, vumbi, na watu wanaorudi nyumbani.

"Hakuna mutu, Butoyi," mama akasema. Haoni, lakini alijua nimetazama wapi.

Ndipo nikalia. Sikulia hivyo kaburini. Mama hakuninyamazisha, aliendelea na kazi yake, na kila alipoinama saa iligonga beseni, nami kila mara nilitamani kugeuka.

Sasa ninaandika haya chumbani na bado ninaisikia, yuko jikoni, inagonga sufuria. Atakuwa nayo huko siku zote. Nitaizoea? Sijui. Duara jeupe bado lipo mkononi, nimelitazama tena kabla ya kuandika.

Kesho nitafunga kifungo cha kushoto.