Kama Tante Madeleine Ni Mgeni, Nani Aliniozesha?

Nguba, Bukavu
Tarehe 16 Juni 2024

Mpendwa Tante Madeleine,

Hujambo, tante, shangazi yangu? Magoti yanasemaje huko Liège? Na yule bibi mzee unayemtunza, aliyekuwa anakataa supu mpaka umwimbie wimbo wa kwetu, bado anakula? Mwambie ana mashabiki Bukavu. Sisi huku tuko wazima, tunamshukuru Mungu. Kikohozi cha Papa, ndugu yako, kimeisha. Mvua zimekoma, vumbi limeanza kukaa juu ya majani ya migomba, na asubuhi ziwa linakuwa la kijivu mpaka jua lipande.

Na mimi, tante, ni mke wa mtu! Najua unajua, lakini kila nikiandika maneno hayo natabasamu peke yangu kama mjinga. Akonkwa anaamka kabla yangu, anapiga pasi shati lake mwenyewe, kisha ananiletea chai kitandani. Jirani yetu alimwona akiwa na kikombe mkononi, akamwuliza nani ni mke kati yetu: "Papa Akonkwa, bibi mu iyi nyumba ni nani?" Akamjibu, "Tunapokezana, maman." Nilicheka mpaka chai ikamwagika kwenye shuka mpya ulizotutumia. Usikasirike, doa limetoka.

Ningekuandikia kwa simu, lakini mambo haya ni marefu, na umeme wetu unajulikana. Sista Gisèle anasafiri Alhamisi kwenda Ubelgiji, na amekubali kubeba barua hii pamoja na kipande cha kitenge cha harusi. Sote tulivaa hicho. Chako kilikuwa kimekatwa tangu mwanzo.

Sasa nije kwenye swali lako. Siku ile uliponipigia na sauti ndogo, ukaniuliza, "Elodie, ni kweli nimekuwa mugeni kwetu?", nilijua tu kwamba Tonton Jacques, kama kaka yenu mkubwa, amewaita jamaa wagawe shamba la babu, koko Bisimwa, kule Nyantende. Nilijua pia kwamba amesema sehemu yako haipo tena, ile ya upande wa chemchemi ambayo unataka kujenga nyumba ndogo ukistaafu. Sababu aliyotoa ni moja: umechukua uraia wa Ubelgiji.

Basi nikamgeukia mume wangu. Unajua Akonkwa ni assistant katika fakilte ya sheria pale chuo kikuu, anafundisha sheria ya kimataifa. Zamani nilipomwona na vitabu vile vizito nilifikiri ni mambo ya marais na mabalozi tu. Kumbe humo ndani mna tante wangu, mna chemchemi ya Nyantende! Tulikuwa tumekaa kwenye baraza tukichambua sambaza, samaki wadogo wa ziwani, nikamwambia anieleze polepole, kama mtu aliyeishia diplôme d'État ya sekondari.

Alivyonieleza ni hivi. Ulimwengu una mikataba mingi, lakini kila nchi inajiamulia yenyewe nani ni mtoto wake. Ubelgiji ilipokupa karatasi zake haikudai uache za kwetu. Ni Kongo inayosema uraia wake ni mmoja na haukai pamoja na mwingine, na anayechukua wa nje anapoteza huu. Kisha sheria ya ardhi inasema ardhi ya kudumu ni ya Mkongo, mgeni hupewa ya muda. Kwa hiyo Tonton Jacques hakuzua kitu, tante. Hilo liliniuma. Nilitaka awe mwongo.

Maswali yalinijaa. Nikamwuliza: na wachezaji wa mpira waliozaliwa Ulaya, wanaokuja kutuchezea? Akacheka, akasema wanafunzi wake wanauliza hilo kila mwaka, na kila mwaka anakuna kichwa. Nikamwuliza: na hawa sambaza, wanaoogelea mpaka upande wa Rwanda na kurudi, wana uraia gani? Akaniambia, "Wenye kuvuliwa huku ni ba kwetu, bibi yangu." Ndiyo maana nampenda. Hata katika huzuni ananijibu.

Alinieleza pia kwamba kuna watu wengi, wanasheria na Wakongo walio nje, wanaotaka sheria hiyo ibadilishwe. Wengine wanaogopa, hasa sisi wa mashariki, kwa sababu huku neno "ardhi" na neno "mgeni" yakikaa karibu watu wanakumbuka vita na maziko. Niliuliza nani ana haki kati yao. Akaosha mikono, akasema hilo ndilo analolifanyia kazi na bado hajui mwisho wake. Sikuwahi kumsikia akisema hajui. Nilimpenda zaidi.

Jumamosi tarehe 8 tukapanda Nyantende. Walikuwepo Tonton Jacques, Papa, Maman Bintu mke wa tonton, na watoto wa ukoo. Kasiksi, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeiva, maharagwe jikoni. Papa alikutetea, lakini unamjua, akishindana na mkubwa wake sauti inaingia tumboni. Tonton Jacques akasimama, akasema:

"Madeleine ni dada yangu, sikatae. Lakini sheria inasema iko Mubeleji. Leo tukimupa, kesho mwengine atakuja na passeport yake, aseme na miye niko wa kwenu. Tutamujibu nini?"

Watu wakatikisa vichwa. Akonkwa akaulizwa, na kwa sababu hawezi kudanganya, akakubali kwamba sheria imeandikwa hivyo. Nilitaka kumfinya! Nikaona sehemu yako inakwenda hivi hivi, mbele ya macho yangu, kwa mdomo wa mume wangu mwenyewe.

Ndipo nikakumbuka siku ya mahari. Katika ukoo wetu baba hapokei ng'ombe mpaka shangazi amwulize binti kama jamaa wanywe. Shangazi ni dada wa baba, si mtu mwingine, na binti asipojibu, vikombe vinarudi chini. Unakumbuka, tante? Lucie mdogo wangu alishika simu juu kama padri anayeinua hostia. Réseau ya simu ikakatika, jamaa zote mbili zikabaki na vikombe mikononi, ng'ombe wanalia nje, baba mkwe anapangusa jasho. Hakuna aliyethubutu kuonja. Kisha sauti yako ikatoka Liège: "Elodie, mutoto wangu, tunywe?" Nami nikajibu haraka, "Tunywe, tante!" mpaka upande wa Akonkwa wote wakacheka, na Maman Bintu akasema binti huyu hana haya.

Nikasimama. Nilikuwa bibi harusi wa juzi tu mbele ya wakubwa.

"Tonton, niko na swali."

"Uliza, madame assistant," akasema kwa kunitania, na vijana wakacheka.

"Kama Tante Madeleine ni mugeni, nani aliniozesha?"

Maman Bintu akaweka chini beseni la maharagwe.

"Aa! Jacques! Basi uyu mutoto hajaolewa! Na ngombe moja tulisha kuila!"

"Bintu, tulia..."

"Nitulie namna gani? Na mbuzi ya shangazi, ile Madeleine alipewa, si iko kwako mu kipango ya mbuzi? Unaikamulia mugeni? Nayo iko na passeport?"

Vicheko, tante! Papa alijishika mbavu. Lakini maskini Akonkwa hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, akainuka na kusema, "Papa Jacques, tafazali, muniachie kwanza bibi yangu. Udongo tutazungumuza nyuma."

Hapo Tonton Jacques mwenyewe akashindwa. Alicheka mpaka akakaa. Kisha akapangusa uso kwa kofia yake, na nilipomwangalia vizuri niliona macho yamelowa. Akasema polepole, "Simuogope Madeleine. Ni mulango njo naogopa. Nikiufungua, sijue nani ataingia nyuma yake." Hakuna aliyemcheka kwa hilo. Maman Bintu alimpa kikombe, akamwambia, "Basi simama pa mulango, uangalie. Lakini dada yako aingie."

Tonton akanywa. Hilo ndilo lililokuwa jibu, na wote wakanywa nyuma yake.

Kabla ya kushuka mjini tulikwenda sote kwenye chemchemi. Tonton Jacques alichimba mwenyewe na kupanda mimea ya mpaka pande tatu za sehemu yako. Upande wa nne, ule wa njia, aliuacha wazi. Nilipomwuliza kwa nini, alisema huo ni kazi ya mwenyewe, yeye mgongo umechoka. Usimwamini. Mgongo wake ni mzima.

Sasa, Akonkwa ameniomba nisikufiche kitu, na tangu tuoane tumeahidiana hivyo. Waliloamua jamaa ni la jamaa. Kwenye ofisi ya ardhi sehemu hiyo inabaki ndani ya shamba la Papa, kwa jina lake, kwa sababu jina lako haliwezi kuandikwa juu ya ardhi ya kudumu. Siku Papa na tonton hawapo, mtoto wao mmoja anaweza kwenda mahakamani, na huko kikombe chetu hakitakuwa na uzito mkubwa. Njia ipo ya kurudisha uraia wa Kongo, lakini utaulizwa uache ule mwingine, na wewe una kazi huko, una mwanao Guy anayesoma, una miaka yote uliyofanya. Mimi nisingejua kuchagua. Wewe ungechagua nini? Niandikie kweli, si kwa ajili ya kunituliza. Nataka kujua inakuwaje moyoni mtu akiulizwa swali kama hilo.

Mimi nimeamua kitu kimoja. Watoto wa tonton nitawaalika hapa Nguba mmoja mmoja, nitawapikia sambaza, na nitawaeleza siku ya simu na vikombe mpaka waijue kwa moyo kuliko mimi. Akonkwa anasema hiyo si sheria. Namwambia aendelee na mikutano yake ya kurekebisha sheria, mimi niendelee na sambaza, tuone nani atafika mbele. Jana nilimkuta anaandika swali langu pembeni mwa somo lake la Jumatatu. Ameahidi kunitaja. Nimevimba kichwa!

Papa anakusalimu sana, anasema usilie ukisoma hii. Tonton Jacques anakusalimu, ingawa alisema nisimtaje. Maman Bintu anakujulisha kwamba mbuzi wako ana mimba, na ndama (nisamehe, kitoto, nimezoea ng'ombe za harusi) atakuwa wako pia. Lucie anakusalimu, anasema mkono bado unamwuma kwa kushika simu. Msalimie Guy, na umwambie ana shemeji anayemsubiri kumfundisha kula bugali kwa mkono.

Mungu aliyekupeleka mbali akushike mkono njiani, akulinde na baridi ya mifupa na ya moyo, akurudishe ukiwa na nguvu ya kushika jembe.

Ukija utahitaji viza. Pale mpakani Ruzizi utapanga foleni ya wageni, watakuuliza unakuja kwa nani na kwa siku ngapi, na utajibu kama wanavyotaka. Jibu vizuri, usikasirike. Sisi sote tutakuwa upande huu wa kizuizi tukiwa na kitenge kimoja, na Tonton Jacques atakuwa amebeba mmea wa upande wa nne, akijifanya amepita tu. Mimi nitakuwa mbele nikiwa na kikombe, na safari hii nitauliza mimi: "Tante, tunywe?"

Ni mimi, binti uliyemwozesha kwa sauti tu, ninayekupenda pamoja na Akonkwa wangu,

Elodie