Baraza la Kanyenye Haliuzwi

Mke wangu Mama Zuhura, pokea salamu tamu kama asali ya huku Tabora.

Nyumba ya Kanyenye ni ya zamani, kuta nene za udongo, ndani kumepoa kama mtungini. Nikamwambia mwenyewe, Bi Mwajuma, nikishanunua navunja baraza la mbele nijenge fremu ya duka.

"Mwanangu, mimi nauza nyumba. Baraza ni la mtaa. Ukifa, watu watakaa matanga wapi?"

"Bibi, sijahamia ushanizika!"

Waliokaa pale barazani wakaangua kicheko. Mie nikawaza: hapo Dar tulipopanga, nikifa, nani atakuja kukaa? Basi nimekubali, baraza libaki. Duka tutatafuta kwingine. Usininunie, mpenzi. Wabusu watoto, na wewe jibusu kwenye kioo.

Baba Zuhura