Siku Tatu Ng'ambo ya Manyovu

Jumatano, 1 Juni 1977

Nimeamua. Likizo hii nakwenda ng'ambo!

Miaka tisa nafundisha jiografia. Nimewachorea watoto mto Naili, milima ya Alpsi, mpaka ncha ya kusini ya dunia – na mguu wangu haujawahi kutoka Tanzania. Jana mtoto wa darasa la sita kaniuliza, mwalimu, theluji ina harufu gani? Nikamwambia anyamaze, anakili ramani. Aibu ilikuwa yangu, si yake.

Kwa mfuko wangu, ng'ambo ni Burundi. Ulaya ni ya wenye nazo, na mpaka wa Kenya umefungwa tangu Februari. Basi Bujumbura – siku tatu, nilale mara mbili, nirudi. Tharsisi, mwalimu mwenzangu wa hesabu, alifika huko mwaka sitini na nane na mpaka leo hajamaliza kuisimulia. Mikate mirefu kama fimbo! Anashauri nilale kwa mapadre, ni nafuu, ila wanafunga mlango mapema. Nikamwambia sina pa kwenda kuchelewa.

Nimempasha mke wangu Niyonsaba habari akiwa anachambua maharage. Akasema haya. Akaendelea kuchambua.

Jumamosi, 4 Juni

Nimehesabu akiba yangu mara tatu, kama vile itazaa. Inatosha, mradi nisinunue kitu. Chakula nitabeba – njugu za kukaanga, mihogo, na jibini la mapadre nikilipata. Hadi Manyovu, pale mpakani, nitadandia lori. Mtembezi hula miguu yake, wahenga walisema, nami miguu ninayo.

Niyonsaba amenipigia pasi suruali ya kijivu. Wakati huo mimi namsimulia ile mikate! Nikaona mkono wake umesimama juu ya suruali, pasi ina makaa, karibu iungue. Ndipo nikajiona nilivyo mpumbavu.

Mke wangu kazaliwa kule. Mwaka sabini na mbili, vilipowapata vile vya kuwapata, nilikuwa nafundisha Kumsenga, huko Kibondo. Watu walivuka mto siku baada ya siku. Yeye alifika baada ya majuma ya kuzunguka porini, na wanawake wa kijiji kingine, ana miaka kumi na saba, mgongoni kabeba mtoto asiye wake. Kaka zake wote watatu walikuwa wamekwisha kuuawa. Yeye na mama yake walipotezana gizani. Tulioana misheni baada ya mwaka mmoja. Mahari sikumpa mtu, hakukuwa na mtu wa kumpa. Tukahamia Kasulu, tukampata Reverien. Na habari za kwao hazitaji. Hata usingizini hazitaji.

Nikamwambia, Mama Reverien, nisiende? Akasema nenda, wewe hukukimbia kitu.

Jumatatu, 6 Juni

Nimekwenda Kabanga hospitali kuchanjwa, maana bila kadi ya chanjo hupiti. Mkono umevimba! Nimeendesha baiskeli kwa mkono mmoja mpaka nyumbani.

Jioni nimechora ramani sakafuni kwa mkaa, nimwoneshe njia. Hapa Kasulu, hapa Manyovu, hapa barabara inashuka kuelekea ziwani, hapa Bujumbura. Nilijua namwonesha mimi. Akachuchumaa, akaitazama muda mrefu. Kisha akaweka kidole kando ya barabara, karibu sana na mpaka, nisipochora chochote. Akasema, "Kwetu ni hapa."

Miaka mitano! Kutoka Manyovu ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu.

Kabla sijauliza, akaifuta ramani yote kwa unyayo. Nampenda mno mke huyu, na sijui la kumfanyia.

Alhamisi, 9 Juni

Nimefanya jambo bila kumwambia. Mwamvua, mama wa Manyovu anayetuletea vitenge, alikuwa sokoni leo. Huyu mama anavuka mpaka kama mimi ninavyovuka ua wa shule. Nikamwomba afike kwenye kilima kile alichokiwekea kidole Niyonsaba, aulizie mwanamke aitwaye Ntirampeba – ndilo jina la mama yake katika cheti chetu cha ndoa. Aulizie tu. Asiseme ametumwa na nani.

Akaniambia, mwalimu, kuuliza si kazi, kazi ni kulibeba jibu. Nikamnunulia chai.

Kesho tunafunga shule.

Jumanne, 14 Juni

Yuko hai. Yuko hai!

Mwamvua amekuja mwenyewe hadi nyumbani. Nilikuwa shambani, kwa hiyo jibu alipewa Niyonsaba, si mimi. Hivyo ndivyo siri zangu zinavyokwisha. Niliporudi nikawakuta wamekaa, uji wa Reverien umemwagika na hakuna aliyeufuta.

Mwamvua akarudia. Bibi Ntirampeba yupo, mzee lakini ana nguvu, nyumba ile ile, peke yake. Kwa wanawe wa kiume hakuthubutu hata kulia, siku zile kulia kulikuwa hatari. Amewaanulia matanga kimyakimya, mmoja mmoja, kila alipopata mtama wa kutosha. Amebakiza mmoja. Binti. Miaka mitano hajapaka mafuta wala hajakanyaga harusi ya mtu kwa ajili ya huyo binti. Sasa mavuno yamekuwa mazuri, mtama umekwisha kuloweshwa, kimea kimeota. Jumamosi hii watu wa kilima watakunywa pombe ya kuganduka – kuanua matanga – na baada ya hapo binti amekwisha kufa, jina lake litawekwa kando.

Binti yupi? Ana binti mmoja tu. Alikuwa amekaa pale na uji miguuni.

Nikasubiri alie. Hakulia. Akasema, mtama wa mwaka huu utakuwa mwekundu, ule wa bondeni. Kisha akamshukuru Mwamvua, akamfungia mayai sita.

Mimi nikaanza kupanga kwa kelele. Hati yangu ya safari inatoka Alhamisi! Ijumaa niko Manyovu, Jumamosi asubuhi nimefika! Bujumbura ipotelee mbali! Niyonsaba akasema, hapana.

Jumatano, 15 Juni

Hatuongei. Reverien anatutazama huyu na huyu.

Nimeuliza mara moja tu, kwa nini. Amesema mama yake amengoja miaka mitano, na kungoja ndiko kulikomchosha. Akiambiwa bintiye yu hai, na bintiye hawezi kurudi, ataanza kungoja upya. "Mwache amalize," amesema. "Na mimi nipumzike."

Nimekwenda kukata majani ya mbuzi. Mbuzi alikuwa ameshiba.

Alhamisi, 16 Juni

Hati imetoka. Karatasi moja, picha yangu nimekodoa macho kama mwizi. Safari: Bujumbura. Sababu: matembezi. Siku: tatu. Karani kanipa mkono, akanitakia safari njema, na nilipotoka nje sikusikia furaha yoyote. Nilikuwa nimeingoja karatasi hii kama mtoto anavyongoja Krismasi.

Jioni Niyonsaba akaja kukaa karibu nami kizingitini. Nimeandika maneno yake yote, nisije nikayapotosha njiani.

"Baba Reverien, ukitaka, pita njia ile. Mtazame. Uje uniambie anatembeaje, na kama paa la nyumba linavuja. Lakini usiseme neno. Niahidi."

Nikasema, je, akiniuliza? Akasema hawezi kumuuliza mtu asiyemjua.

Nimeahidi. Nimeshika mkono wake, nikaahidi tena, maana mara ya kwanza hakuniamini.

Ijumaa, 17 Juni. Manyovu

Lori la chumvi. Vumbi mpaka masikioni. Niyonsaba hakunisindikiza hadi barabarani, alisimama mlangoni, Reverien kiunoni, akanipungia kwa mkono wa mtoto.

Nimefikia kwa Mwamvua. Nyumba safi, mkeka mpya, wali kwa mchuzi wa dagaa. Nikamweleza ahadi yangu. Akatikisa kichwa. Akasema yeye ni mfanyabiashara, na mzigo mzito kuliko yote aliowahi kuubeba ni neno, kwa hiyo kama nimeweza kuacha neno nyumbani, nina bahati. Sidhani kama nimeliacha nyumbani.

Manoti machache nimeyabadilisha kuwa faranga. Zina sura za ng'ombe na ngoma. Nimezitazama kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jumamosi, 18 Juni. Burundi

Nimevuka saa moja na nusu asubuhi. Askari kagonga muhuri, akauliza Bujumbura nakwenda kutazama nini, nikasema mikate. Akacheka. Nikapiga hatua moja – ng'ambo! Nyasi ni zile zile. Mbuzi wale wale. Salamu zao ni karibu sawa na za kwetu, Kiha changu kinanitosha. Ningekuwa mtu mwingine ningefurahi.

Gari la Bujumbura liliondoka bila mimi. Nikafuata njia aliyonielekeza Mwamvua. Migomba, kijito, kanisa dogo la bati, kisha kilima. Niliijua nyumba kabla sijaambiwa, kwa ajili ya watu. Labda thelathini, wamekaa uani, wametulia, wamevaa nguo safi.

Nilikusudia kupita tu. Kupita na kutazama. Lakini nyumba yenye pombe haipitwi, huko na kwetu sheria ni moja. Mzee mmoja akaniita, mgeni, njoo, unatoka wapi? Nikasema Kasulu, nakwenda mjini. Akasema mjini hakukimbii. Kukataa kungekuwa tusi, tena katika nyumba ya msiba. Nikaketi.

Paa halivuji. Nimelitazama vizuri, limeezekwa upya upande wa nyuma.

Chungu kilikuwa kimewekwa katikati, hakijaguswa. Kwanza aseme mzee, kisha mwenye nyumba agawe mirija ya kunywea, kisha wote wanywe kwa pamoja, na matanga yamekwisha. Mzee akasema. Alitaja jina la mke wangu. Alisema mtoto huyu alikuwa mwepesi wa miguu, na mpole, na leo tunamwachia njia. Watu wakaitikia. Mimi nilikuwa natazama vidole vyangu.

Ndipo mama mwenyewe alipotoka ndani na mirija. Anatembea kama Niyonsaba. Hilo ndilo nitakalomwambia – anatembea kama wewe, kisigino kwanza, kama mtu anayepima shamba. Akampa huyu, akampa yule. Watu wanapokea kwa mikono miwili. Akafika kwangu. Akaninyooshea mrija.

Naapa sikufikiri. Hakukuwa na nafasi ya kufikiri. Mwili wangu ulinyanyuka wenyewe, ukapiga hatua tatu kando, nikageuza uso, nikatazama chini, mikono nyuma. Ni vile alivyonifundisha baba yangu, na baba yake alimfundisha yeye – mama mkwe humtazami usoni, hupokei kitu mkononi mwake, ukimkuta njiani unaingia porini mpaka apite. Hapa nako ni hivyo hivyo. Hakuna mwanamume anayemfanyia hivyo mwanamke yeyote mwingine duniani. Na hakuna mtu uani pale asiyejua hivyo.

Ana binti mmoja tu.

Sikusema neno. Mungu shahidi, sikusema neno!

Niliona miguu yake imesimama mbele yangu, haiendi, hairudi. Nikasikia mrija ukianguka. Kisha akawageukia watu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mwanamke mwenye wageni wengi.

"Pombe hii haijaiva," alisema. "Nisameheni, jamani. Nimewaita mapema."

Mzee akabisha kidogo, akasema inanukia vizuri. Yeye akaanza kuzunguka, akakusanya mirija mikononi mwa watu, mmoja mmoja, mpaka wote.

Nikaomba kwenda haja. Niko nyuma ya migomba, daftari magotini, mwandiko huu hata mimi sitausoma. Watu wanaondoka, nasikia wanaagana kwa sauti za chini. Niondoke nami? Hati yangu inasema Bujumbura. Niliahidi mara mbili.

Anakuja.

Amekuja. Hakunisogelea. Amejifunika kitenge mpaka usoni, akaketi upande wa pili wa shina la mgomba, amenipa mgongo – kama mama mkwe anavyomkalia mkwe wake. Nami nimempa mgongo. Namsikia akipumua. Hajauliza kama binti yake yu hai. Hajauliza yuko wapi, wala mimi ni nani. Naandika kwa sababu mdomo wangu una ahadi na mkono hauna.

Sasa ameuliza, polepole, kama anauliza mgomba:

"Anakula vizuri?"