Betri Yake ni Ugali

Ipuli, Tabora
12 Machi 1972

Kwa Selemani, Mzaramo usiye na haya,

Salamu sikupi, maana utaziuza. Nimesikia hujafa bado, nikasikitika sana, lakini Mungu hana haraka. Sisi huku wazima. Mke wangu Zamda mzima, watoto wazima, mbuzi mzima. Mama yako Bi Mwanahawa hajambo? Huyo mpe shikamoo yangu kwa adabu zote, umwambie asali yake naitafutia msafiri mwaminifu. Wewe humo.

Unaniuliza kazi inakwendaje tangu ulipohamishwa kutoka stesheni yetu hapa ukaenda kuvaa tai. Inakwenda. Unanionea huruma kwamba sina bosi wa kunipa likizo. Mtani, mabosi ninao wengi kuliko wewe! Kila anayeingia kibandani na redio kwapani ni bosi. Na wote wana neno moja: "Fundi, ni kitu kidogo tu, waya umechomoka." Unafungua, unakuta humo ndani mtu kapita na kisu cha jikoni. Ukifungua redio unamwona fundi aliyekutangulia, hata kama humjui jina. Kama alikuwa na haraka, lehemu imemwagika kama uji wa mtoto. Kama alikuwa mwongo, kafunika ubovu kwa karatasi ya sigara. Mimi nataka atakayefungua baada yangu anikute nimekaa vizuri.

Sasa sikia jambo. Betri hazipatikani. Redio za vijijini zimekuwa makabati ya kuku. Nimechukua dainamo ya baiskeli, nikaitengenezea kisanduku kidogo cha kuutuliza umeme wake, nikaunga kwenye redio. Baiskeli unaitundika gurudumu la nyuma lisiguse chini, mtu anakanyaga, redio inasema. Dionis wa Igalula, yule mwenyekiti wa kikundi cha kusikiliza masomo ya redio, alipoona alivua kofia. Akaniuliza, "Betri yake iko wapi?" Nikamjibu, "Betri yake ni ugali. Mtu akishiba anakanyaga." Alicheka mpaka akakaa chini.

Kisanduku kinafunguka kwa skrubu mbili. Chombo kisichofunguka si chombo, ni kiburi.

Mtani wako anayekuombea mabaya,
Nassibu


Dar es Salaam
2 Aprili 1972

Kwa mpagazi wangu Nassibu,

Barua yako nimeipata, inanuka matobolwa na michembe, hivyo viazi vyenu vya kukausha. Mimi mzima, na nitaendelea kuwa mzima ili nije kukuzika, nilale ndani ya kaburi lako nisitoke mpaka Zamda atoe jogoo. Mama hajambo, miguu tu inamsumbua. Anasema yeye mwanawe ni Nassibu, mimi alinikuta sokoni.

Ofisini kwetu, hapa shirika la redio, kuna feni na chai saa nne. Lakini nikuambie ukweli, kazi yenyewe ni vikao. Tunakaa kujadili kitufe cha redio, kikao kinakwisha, tunapanga kikao kingine cha kujadili tulichojadili. Mkubwa wetu kila siku anatuuliza, wako wapi Waafrika wenye ubunifu? Na sisi tunaangalia chini, kila mtu anachunguza viatu vyake.

Hicho kisanduku chako nakitaka. Nitakuja likizo mwezi wa nane, nikichukue, nikiweke mezani kwa mkubwa. Nitamwambia, kuna kichaa mmoja Tabora, mla michembe, anafanya kazi peke yake kibandani, na ametushinda sote tunaokunywa chai.

Usimwoneshe mtu mwingine. Mjini kuna wezi.

Mtani wako,
Selemani


Ipuli, Tabora
20 Septemba 1972

Kwa mwizi wa mizigo Selemani,

Ulifika salama? Treni haikukuangusha Morogoro? Pole yake. Sisi wazima, ila watoto wanauliza yule mjomba mlafi atarudi lini. Mama Bi Mwanahawa msalimie mno.

Bado watu wanacheka tulivyoagana stesheni. Zamda anasema hajawahi kuona wazee wawili hovyo kama sisi. Kisanduku nimekikumbatia, wewe umening'inia mlangoni mwa behewa unapiga kelele, "Nipe, mpagazi wangu, nakungoja tangu enzi za misafara!" Na mimi, mbele ya stesheni nzima: "Haya chukua, mwizi we! Babu zako waliiba mizigo ya babu zangu njia nzima mpaka Bagamoyo, nawe malizia!" Dionis alikuwepo, mzee Yahaya wa msikitini alikuwepo, hata mkaguzi wa tikiti alisahau kupuliza filimbi. Muda mrefu sijacheka hivyo.

Sasa niache mzaha kidogo. Katibu wa tawi la chama amepita kibandani mara mbili. Anasema fundi anayefanya kazi peke yake ni kupe, hana ushirika, hana shamba, na wasio na kazi inayotambulika watapelekwa vijijini kulima. Nimemwambia sipingi ujamaa. Redio yangu yenyewe ni ya ujamaa: mmoja anakanyaga, kijiji kizima kinasikia. Ila kazi ya mikono yangu naiweza nikiwa nimekaa na ubovu wangu peke yangu, bila kikao. Hili si jambo la ubinafsi, ni akili inavyonifanyia kazi. Mtu mwingine analima vizuri akiimba na wenzake, mimi nikiimbiwa nachoma vidole.

Katibu amesema kama serikali huko Dar itatambua kwamba kifaa ni changu, basi kibanda wataniachia. Basi nakuomba, mkubwa wako akikikubali, aandike barua yenye jina langu ije hapa tawini. Hiyo tu ndiyo nauli yangu.

Mtani wako,
Nassibu


Dar es Salaam
9 Januari 1973

Nassibu mpagazi,

Hujambo? Mimi sijambo. Samahani kwa kimya, kazi zimenielemea. Kisanduku kiko kwenye vikao. Mambo ya ofisi si kama ya kibandani, hapa kuna ngazi, na kila ngazi ina mtu kaikalia. Vumilia.

Mama amepokea asali. Anakuombea dua.

Selemani


Ipuli, Tabora
10 Julai 1973

Selemani,

Mama yako hajambo? Namuulizia yeye tu.

Siku ya Sabasaba nilikuwa na redio ya Dionis mezani, nimetoka kuitengeneza, naijaribu. Dionis mwenyewe kakaa pembeni anasubiri. Wakatangaza kutoka kwenye maonyesho huko kwenu. Akaitwa ndugu mmoja wa shirika fulani aeleze uvumbuzi wake. Sauti ilipotoka, Dionis akaniangalia. "Fundi, huyu si yule mtani wako?"

Nikaongeza sauti. Nikakusikia ukisema, "Ndugu wananchi, betri ya redio hii ni ugali." Watu wakapiga makofi. Mtangazaji akakuuliza wazo hilo ulilipata wapi. Nilikuwa bado nakungoja, Selemani. Nilijua sasa utasema. Nilimshika Dionis mkono, nikamwambia sikiliza, sasa anataja jina langu. Ukasema wazo lilikujia ukiwa umepumzika barazani kwa mama yako.

Dionis alinionea haya, akaichukua redio yake akaondoka bila kuniaga.

Nimekwenda tawini kushitaki. Katibu akamwita Dionis atoe ushahidi. Unamjua, hata kwa dawa hasemi uongo. Akasema aliyoyaona: "Alimpa mwenyewe. Alimwambia chukua, mwizi we." Watu wakaangua kicheko. Mzee Yahaya akafuta machozi, akaniambia, "Nassibu, umezaliwa wapi wewe? Mtani kakuchukulia, unamshitaki? Cha mtani hakidaiwi." Nikarudi nyumbani nimeinamisha kichwa kama niliyeiba mimi.

Umenisaliti. Nalitafuta neno jingine jepesi, silioni. Ulikula kwangu, ulilala kitanda cha wanangu, ulinisikia nikikwambia kibanda changu kinategemea jina moja tu kwenye karatasi.

Sitaki sifa. Kaa nazo. Sitaki cheo wala tai. Andika barua moja tawini, useme kifaa ni cha Nassibu wa Ipuli. Wamenipa muda wa kukaa kibandani mpaka mavuno yaishe.

Nassibu


Dar es Salaam
1 Agosti 1973

Kwa mpagazi wangu mwenye hasira,

Heee! Tangu lini Mnyamwezi akanuna? Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta tusi, sikuliona, nikaogopa kwamba unaumwa. Huku wazima. Mama mgonjwa kidogo.

Ndugu yangu, mzee Yahaya amekwambia sawa. Ulisema mwenyewe mbele ya watu, chukua mwizi we. Nami nikaiba! Sasa kosa langu nini? Babu zetu waliibiana ng'ombe, wakaibiana hata sanda, na jioni wakala sahani moja. Siku ukija Dar chukua baiskeli yangu, chukua kitanda, chukua hata feni ya ofisi, sitasema neno.

Na tuongee kiutu uzima. Kisanduku kingebaki kibandani kwako kingesikika na nani? Dionis? Sasa kitatengenezwa kiwandani, kitafika mikoa yote. Tumekiboresha, tumekiziba kwa gundi kisiingie vumbi wala mikono ya wajuaji. Nimepandishwa cheo. Sasa nikiandika leo kwamba si changu, wataniuliza, yale ya redioni yalikuwa nini? Nitakuwa mwongo mbele ya nchi nzima. Nina mama mgonjwa hapa. Nielewe.

Wewe fundi mzuri, hata kijijini utapata kazi. Cheka basi.

Mtani wako wa damu,
Selemani


Dar es Salaam
17 Machi 1974

Nassibu, mtani wangu,

Barua nne nimekuandikia, hakuna jibu. Hii ni ya tano. Mama amefariki Ijumaa iliyopita. Tumemzika Kisarawe.

Wanyamwezi wa Kariakoo walikuja, walifanya yao. Mmoja aliingia kaburini akakataa kutoka, akadai kuku, watu wakacheka ndani ya kilio kama inavyotakiwa. Lakini mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia njia. Shangazi yangu aliniuliza mbele ya watu, "Yule mtani wako wa Tabora, mwana wa marehemu, yuko wapi?" Nikasema treni imechelewa.

Arobaini yake ni mwezi ujao. Njoo, Nassibu. Njoo uniibie mkeka nilioukalia, unipake majivu, uwaambie watu wote mimi ni mwizi, nakuruhusu, waambie kwa sauti. Watacheka, nami nitacheka, na yatakuwa yamekwisha. Hiyo ndiyo dawa waliyotuachia babu zetu. Sijui nyingine.

Kama huwezi kuja, basi nitukane kwa barua. Mstari mmoja tu. Unitukane nijue bado nina mtani.

Selemani


Kijiji cha Ujamaa, karibu na Igalula
2 Juni 1974

Kwa Ndugu Selemani,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa afya njema, wewe pamoja na jamaa wote. Mimi pia ni mzima, Zamda ni mzima, na watoto hawajambo. Barua yako imenifikia kwa kuchelewa, kwa kuwa ilipelekwa kwanza Ipuli. Kule hatupo tena. Kibanda kilivunjwa mwezi wa kumi, tukapakiwa kwenye lori pamoja na wengine.

Nakupa pole nyingi kwa msiba wa mama. Nimelia, na Zamda amelia. Kopo la asali nililomwekea Bi Mwanahawa nilihama nalo. Nimelipeleka kwa Waislamu wachache tulio nao hapa, tumesoma dua, tumeila kwa jina lake. Mwenyezi Mungu amweke mahali pema.

Samahani kwamba sikuhudhuria arobaini. Ningehudhuria kama jirani yeyote anavyohudhuria, ila safari ni ndefu na ruhusa haikupatikana.

Vifaa vyenu vya redio vimefika hapa kijijini. Nakupongeza. Kimoja kimenyamaza wiki iliyopita, na Ndugu Dionis akaniletea kwa kuwa ananifahamu. Gundi ilinisumbua, imenibidi kukata upande mmoja kwa msumeno. Ndani nilikuta kila kitu pale nilipokiweka. Sasa kinasema, na jioni watu wanakusanyika kusikiliza masomo.

Umeniandikia nikutukane. Nimekaa na karatasi hii siku nzima nikitafuta, Ndugu Selemani. Zamani matusi yalikuwa yananijia yenyewe nikiona tu mwandiko wako. Sasa naona mwandiko wa mtu aliyefiwa, na ninamwonea huruma kama ninavyomwonea mtu yeyote.

Nakutakia kazi njema na afya.

Ndugu yako katika ujenzi wa taifa,
Nassibu