Ugali wa Maombi

Homa Bay, Agosti 1966

Bwana Hamisi,

Salamu kutoka ziwani. Mimi mzima, ingawa huku hakuna anayeamini.

Migori nimeshika namba mbili. Mashindano ya kutunisha misuli ya hapa ni Jumapili ijayo, halafu Kisumu, kwa hiyo naifuata karatasi yako: samaki bila chumvi, na ugali nisiuguse. Tatizo ni mama mdogo niliyefikia kwake. Kwake yeye, aliyekula samaki bila ugali hajala. Juzi alinikuta nimevua shati, akaitazama mishipa iliyochomoza tumboni, akauliza, "Nyathina, mtoto wangu, umeugua tangu lini?"

Nikamwambia ni mazoezi. Jana akaja na akina mama sita wa kanisani. Waliniwekea mikono mabegani, wakaniombea nirudishe mwili. Nikasema amina, ningesemaje? Kisha wakaleta ugali, wakakaa kuona kama maombi yamejibiwa. Yalijibiwa sahani mbili.

Wameahidi kurudi kila siku mpaka nipone.

Nisalimie vijana wote pale kwenye vyuma. Na wewe, ukiswali Ijumaa, tafadhali niombee kinyume chake.

Wako,
Odhiambo